Salamu Zilizovuka Kigongo

Vijana walioniandalia soda na keki siku ya kuniaga waliniomba niwaandikie uzoefu wangu. Nadhani walitegemea mafunzo yenye vichwa vya habari. Nimejaribu, lakini kila kichwa nilichoandika kilinipigia miayo. Kwa hiyo nitaeleza tu nilivyofanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Mwanza, nikianzia miaka ya tisini, na zaidi nitaeleza habari za watoto wa wazazi walioachana, maana hao ndio walionifundisha kazi. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache na havikunibadilishia kiti.

Niliripoti kazini nikiwa na shahada ya sosholojia, viatu vipya, na imani kwamba familia ni mfumo. Mkuu wangu, Mama Mwanahawa, alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Mwanza na mumewe aliyefanya kazi reli. Mume alipostaafu, yeye alikataa kuondoka. Alisema popote alipoishi hajawahi kupata watani wengi namna hii mahali pamoja, kwa kuwa Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu zamani. Aliitazama shahada yangu mbele na nyuma, akaniuliza kama nimekula, akaniita Mhitimu. Jina hilo nilibaki nalo mpaka siku alipostaafu yeye.

Chombo chetu kikuu cha kazi kilikuwa benchi. Lilikuwa fupi kupita kiasi, nami wiki ya kwanza nilipendekeza tuombe refu. Mama Mwanahawa akaniambia benchi lile alilichagua mwenyewe kwa fundi. Watu waliogombana ukiwapa benchi refu kila mmoja anashika ncha yake na kutazama ukuta. Kwenye benchi fupi, lazima mmoja amwambie mwenzake asogee. "Hilo tayari ni neno, Mhitimu. Ukishapata neno moja, kazi imeanza." Chuoni nilisoma nadharia nne za mawasiliano, na hakuna hata moja iliyotaja seremala.

Wateja wangu wa kwanza walikuwa mume na mke wa Buzuruga waliokuwa wakigombania mtoto wa kiume. Niliwakaribisha kwa heshima zote, nikaanza kuwaeleza hatua za majonzi baada ya talaka. Mwanaume akaniacha nifike hatua ya tatu, halafu akauliza kama nimeoa. Nikasema bado. Akauliza kama nina mtoto hata wa kusingiziwa. Nikasema bado. Akamgeukia mtalaka wake, ambaye walikuwa hawajasemezana tangu kesi iishe, akamwambia, "Mama Joni, tumeletwa kwa mtu ambaye hajaanza." Mama Joni akacheka. Wakaondoka wakizungumza, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wameelewana kuhusu mtoto. Katika ripoti niliandika kwamba ushauri ulifanikiwa, na mpaka leo naona sikudanganya.

Miaka ile mji ulikuwa unageuka upande mmoja kama mtu aliyelalia mkono. Wanaume waliokuwa na kazi za uhakika kwenye vyama vya ushirika na viwanda vya pamba walipunguzwa, wakarudi nyumbani mchana, saa ambayo wake zao walikuwa wameizoea bila wao. Wanawake walikuwa wameanza kuuza mitumba, vitumbua, sabuni ya kupima. Viwanda vya minofu ya samaki vilikuja na malori yake ya barafu. Kila kitu kilikuwa huria, na baadhi ya ndoa zikajumuika humo. Takwimu sina, na ningekuwa nazo nisingeziamini.

Sasa niwaeleze kosa moja ambalo lilitupa kazi kuliko umaskini. Sheria ya Ndoa inasema mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kwamba ni vyema akae na mama yake, isipokuwa kuwe na sababu ya kuona vinginevyo. Mwisho wa habari. Lakini watu wetu walisikia sheria hiyo kwa masikio ya mila, wakaijazia nusu ya pili wenyewe: kwamba mtoto akishatimiza saba, anakabidhiwa kwa baba kama funguo za nyumba, hasa kama ng'ombe wa mahari walitoka. Hakimu hakuwahi kusema hivyo. Mimi sikuwahi kusema hivyo. Haikusaidia. Akina baba walisubiri mwaka wa saba kama mavuno, na akina mama waliuogopa kama ukame. Hakuna aliyekuja kuuliza, kwa sababu kila mmoja alijua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wazazi wa msichana mdogo aitwaye Neema. Mama yake, Kokugonza, alikuwa Mhaya aliyekulia mjini, mwembamba, mwenye maneno yaliyonyooshwa kwa pasi. Aliuza mitumba ya watoto sokoni Mkuyuni. Baba yake, Mabula, Msukuma wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, alipunguzwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akarudi kwa mama yake mzazi na kuanza kununua samaki kwa ajili ya malori ya barafu. Ndoa haikuvunjwa na jambo kubwa. Ilichakaa. Mahakama ilimwacha Neema kwa mama, na baba akapewa kumchukua kila mwisho wa mwezi na wakati wa likizo. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Kwa hesabu za Mabula, zilibaki mbili.

Mwanzoni makabidhiano yalifanyika ofisini kwetu, kwa ushauri wangu, kwa sababu vitabu vyangu vilisema mahali pasipo pa mtu ndipo panapofaa. Nilichokishuhudia pale kilikuwa vita vya nguo. Neema akirudi kutoka Busisi amevaa gauni aliloshonewa na bibi yake, mama yake alimvua palepale nyuma ya kabati, akamvisha la kwake, na la bibi akalikunja na kumrudishia Mabula kwenye mfuko. Mwezi uliofuata Mabula naye akafanya vilevile. Mtoto alisimama na mikono juu kama mtu anayekaguliwa, akisubiri kujua leo yeye ni wa nani.

Mama Mwanahawa alitazama mara mbili, akasema ofisi ifungwe kwa shughuli hiyo. Ndipo ikatafutwa njia nyingine. Mabula hakutaka tena kufika mjini ambako wenzake wa zamani wangemuona ananuka samaki. Kokugonza hakutaka kukanyaga Busisi, alikokuwa mama mkwe wake wa zamani. Kilichobaki katikati yao ni maji, na juu ya maji kulikuwa na kivuko. Wakakubaliana hivi: Kokugonza angempeleka mtoto mpaka Kigongo, gati la upande wa mjini, Mabula angekuwa amekuja na kivuko bila kushuka, na wote watatu wangevuka pamoja hadi Busisi. Baba na mtoto wakishuka, mama anarudi na kivuko kilekile. Siku ya kumrudisha, baba ndiye angesindikiza hadi Kigongo na kurudi bila kushuka. Hakuna aliyekanyaga ardhi ya mwenzake. Niliona ni mpango wa hovyo. Ulidumu kuliko mipango yangu yote.

Baada ya mwaka na kitu, Kokugonza alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi akiwa na hofu machoni. "Bwana Ustawi, yule mtu ana jambo. Ananitumia salamu."

Nikauliza salamu gani. Akasema ni salamu nzuri. Mabula amesifu gauni la mtoto. Mabula ameshukuru kwa malezi. Mabula ametuma kuuliza biashara inakwendaje. Nikamwambia hizo ni habari njema. Akanitazama kwa huruma.

"Mtu anayekushukuru kwa malezi," alisema, "anajiandaa kuondoka na mtoto. Neema anakaribia saba."

Siku chache baadaye akaja Mabula, kwa kujiiba asionwe na wenzake wa zamani, kofia yake ya pama mkononi, na yeye akiwa na wasiwasi. Mtalaka wake alikuwa ametuma kuuliza mguu wa mama yake unaendeleaje. Katika ndoa nzima hakuwahi kuuliza mguu wa mama yake. Mabula aliamini amekwenda kwa mwanasheria, na mwanasheria amemfundisha adabu ili hakimu amuone mwema. Alitaka nimwandikie hakimu mapema kwamba mtoto anakohoa sana akiwa mjini, na kwamba akitimiza saba aje Busisi moja kwa moja.

Nilifurahi mno. Kwa maoni yangu, ushauri wangu ulikuwa umeanza kuota mizizi bila wenyewe kujua, na hata nilimweleza Mama Mwanahawa kwamba kuna nadharia inayoeleza hali hiyo. Alimaliza chai yake kwanza.

"Hizo salamu anabeba nani?" akauliza.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi nikaenda Kigongo, nikatangulia kupanda kivuko. Nilijibanza upande wa lori la barafu, nikiwa na gazeti ambalo sikuligeuza ukurasa, upelelezi wa kitoto ambao haukumdanganya hata muuza karanga. Kokugonza alimnunulia mtoto hindi la kuchoma gatini, wakapanda. Mabula alikuwa amesimama mwisho mwingine wa kivuko. Hawakusalimiana. Mlango ukanyanyuliwa, injini ikanguruma, na Neema, mwenye gauni la njano na soksi ndefu, akaanza kazi.

Alikwenda kwanza kwa baba yake, akampa shikamoo. Mabula akaitika marahaba, akamshika kichwa, akamtazama nguo, na kwa sauti ambayo niliisikia vizuri kutoka kwenye gurudumu la lori akasema, "Mwambie mama yako aache kukuvisha nguo za wazungu waliokufa."

Neema akaitikia. Akazunguka lori polepole, akasimama kidogo kwenye reli, midomo ikicheza kama mtoto anayerudia shairi la shule. Kisha akamfikia mama yake. "Baba anasema gauni zuri."

Kokugonza akakunja uso, akitafuta mtego ulipo. "Mwambie afadhali hili kuliko yale ya bibi yako yanayonuka moshi."

Neema akaitikia, akazunguka tena, akasimama tena palepale kwenye reli. "Mama anauliza bibi hajambo mguu?"

Alikuwa amelivunja lile hindi vipande viwili. Kimoja alimpa baba pamoja na salamu, kingine akampelekea mama pamoja na majibu. Yeye njiani alidonoa punje mbili tatu. Akaendelea hivyo mpaka Busisi ikaanza kuonekana, mara anakohoa, mara anapenga, akivusha matusi na kuyafikisha yakiwa yameoshwa. Mimi mwenye shahada nilikaa pale nikitazama mtu wa darasa la kwanza akifanya kazi yangu.

Alipopita karibu nikamwita. Alinitambua, akanipa shikamoo bila kushtuka. Nikachuchumaa nikamuuliza kwa nini hawaambii walivyosema.

"Nikisema vile, wananuna mpaka Busisi," alisema. Halafu akanisogelea. "Usiwaambie. Bado kidogo watazoea."

Nilirudi mjini na lile "bado kidogo" likinisumbua. Nikifichua, mtoto ataitwa mwongo na wazazi wote wawili, na salamu zitakufa siku hiyohiyo. Nikinyamaza, hofu itaendelea kukua kwa kila neno jema, na hakimu, ili apitie upya uamuzi wake, alikuwa ametuagiza tumpelekee maoni kabla Neema hajatimiza saba. Kulikuwa na wazazi wawili waliokaribia kumrarua mtoto katikati, kila mmoja akiwa na ushahidi kwamba mwenzake amekuwa mpole. Nilimwambia Mama Mwanahawa yote. Nilitegemea atacheka, na alicheka, lakini kidogo tu.

"Mtoto yule tumemwajiri bila kujua," alisema. "Mwachishe kazi kwa heshima. Usimuumbue."

Nikamuuliza kwa njia gani. Akasema Mabula ni Msukuma, naye ni Mzaramo, na kama chuoni sikufundishwa hilo basi nidai ada yangu. Kwa walio wageni na jambo hili: mtani wako anaweza kukutukana msibani, anaweza kukunyang'anya kitu chako na kukishikilia mpaka ukikomboe, na ukikasirika aibu ni yako. Wasukuma wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Siku ya makabidhiano iliyofuata tukapanda kivuko wote wawili. Mama Mwanahawa alijifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupika shughuli. Mara tu gati lilipoachana nasi alimwita Neema, akamwambia akae naye amsaidie kushika mkoba. Kisha akamwendea Mabula, akamuamkia kwa matusi mazuri, akamwambia Wasukuma wameishiwa ng'ombe sasa wanachunga samaki, akainyakua ile kofia ya pama kichwani mwake. Watu wa kwenye lori walishangilia. Mabula alicheka, akanyoosha mkono kuiomba. Mama Mwanahawa akaiweka chini ya kwapa.

"Naikomboaje, mtani?"

"Kwa miguu yako. Nenda pale mbele kwa mama wa mtoto wako, umpe salamu kwa mdomo wako mwenyewe. Ukirudi, kofia yako hii hapa. Usipokwenda naivaa mpaka Kisarawe."

Kicheko kikapungua usoni mwa Mabula, lakini angefanya nini? Kukataa ni kukasirika, na kumkasirikia mtani mbele za watu haiwezekani. Akazunguka lori. Sisi tukasogea nyuma yake, Neema akiwa amebana ule mkoba kifuani kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtoto ameshika pumzi muda mrefu namna ile.

Mabula alifika mbele ya Kokugonza akiwa kichwa wazi, akasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. "Habari za huko," akasema.

"Nzuri." Kokugonza alitazama maji, akamtazama yeye. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita miezi mingi, akiwa na jibu la kila tusi, na mbele yake alisimama mtu asiye na kofia. Akatoa alichokuwa nacho karibu. "Ahsante kwa kulisifu lile gauni la njano."

Mabula hakuelewa. Niliona akitafuta kichwani gauni gani, lini, nani. Kisha macho yake yakaenda taratibu mpaka kwa mwanawe. Neema alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Hapo ningeweza kuingilia. Kusema kweli nilifungua mdomo, na Mama Mwanahawa akanikanyaga mguu.

"Ni zuri," Mabula akasema mwishowe. "Linampendeza." Akamgeukia tena Kokugonza. "Na mama anashukuru kwa kumuulizia mguu. Anasema umepata nafuu."

Ikawa zamu ya Kokugonza kutoelewa. Akamtazama Mabula, akamtazama mtoto, na nikamwona anaelewa, si mara moja, bali kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Angeweza kuukana ujumbe ule. Kwa jinsi nilivyomjua, ulimi ulikuwa umeshafunguka. Akaufunga.

"Mwambie namwombea upone kabisa," alisema.

 Kisha Mabula akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ofisini, kwamba mtoto anakohoa usiku akiwa kwake, bibi yake anamsugua kifua kwa mafuta, naye hajui kama ni sawa. Kokugonza akasema na kwake anakohoa. Alidhani ni moshi wa Busisi, Mabula alidhani ni vumbi la mitumba. Kwa miaka miwili kila mmoja alikuwa amekishikilia kikohozi kile kama ushahidi, na hakuna aliyempeleka mtoto hospitali akihofia kuambiwa ni kosa lake. Wakakubaliana mama ampeleke Jumatatu, na baba aje. Mjini. Na harufu yake ya samaki.

Lilibaki lile lenyewe. Kokugonza ndiye aliyelitamka, akiwa ameshika reli. "Utamchukua akitimiza saba?"

Mabula alijipapasa kichwa palipokuwa na kofia. "Huko kwangu shule ni mbali," akasema. "Sisemi ahamie. Nasema asije akaisahau njia."

"Hii njia?" Kokugonza alionyesha maji kwa kidevu. "Ataisahau vipi? Si tunaivuka wote."

Maoni tuliyompelekea hakimu yalikuwa mafupi: mtoto abaki kwa mama, baba aendelee na mwisho wa mwezi na likizo, makabidhiano yaendelee kivukoni kwa kuwa pande zote zimezoea. Hakimu alishangaa kidogo kuhusu kivuko, akakubali. Miaka iliyofuata niliwapeleka wazazi wengine kadhaa Kigongo. Kwa baadhi yao haikusaidia kitu, walinuna mpaka ng'ambo na kurudi. Na mimi mwenyewe nilioa, nikapata watoto, yaani hatimaye nilianza, na nikagundua kwamba yule bwana wa Buzuruga alikuwa na haki ya kuuliza. Sasa daraja limejengwa pale, gari linavuka kabla mtu hajamaliza kufunga mkanda. Ni jambo jema. Ila vijana wangu, itabidi mtafute mahali pengine ambapo watu wawili hawawezi kushuka kwa muda wa kutosha kula hindi moja. Anzeni na benchi.

Lakini niishie siku ile kivukoni. Busisi ilikuwa inakaribia. Mama Mwanahawa alirudisha kofia, huku akisema inanuka sangara na hata Wazaramo hawaitaki. Wazazi bado walikuwa wamesimama palepale, wakizungumzia hospitali ipi. Neema aliurudisha mkoba kwa mwenyewe, akaketi juu ya gunia la mtu, akachukua hindi lake alilonunuliwa gatini. Hakulivunja. Alianza kulila kutoka ncha moja, mstari kwa mstari.

Mama yake akamwona. "Leo hutugawii?"

Neema hakunyanyua kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa.

"Si mnaongea," alisema.